Sabuni ya Kuchora pale Gerezani

Jamani, nawasimulia hili lakini msinicheke sana, maana hata leo nikipita mtaa wa Gerezani nainamisha uso kwa aibu.

Miaka ile ya Ujamaa, sabuni ilipoadimika mpaka watu wanafulia majani ya mpapai, nilikuwa sekondari. Mwalimu Komba wa baiolojia alitupeleka bonde la Msimbazi kuchunguza tope la mikoko, tujue maji machafu ya mji yanaliharibu vipi, akauliza nani ana sanduku la kubebea chupa za tope. Nikanyoosha mkono, mimi na kimbelembele changu, kwa sababu kwenye stoo ya shule kulikuwa na sanduku langu la mtihani wa sanaa, nililolichora miche ya sabuni pande zote, imepangwa kama dukani (acha nijisifu kidogo, ilipendeza). Mwenzangu akanishauri nilipake rangi juu yake kwanza, nikakataa, roho iliniuma kufuta kazi yangu.

Wakati wa kurudi gari likazima Gerezani. Mwalimu akasema kila mmoja achukue chupa yake tutembee, kisha akainamia injini na dereva. Tukapanga mstari, mimi mbele, kifuniko nimekifunua nusu tu kwa sababu ya harufu ya tope, nagawa chupa zimeviringishwa magazeti. Na nyinyi mnaujua mji wakati ule, ukiona foleni unaunga kwanza, kuuliza baadaye! Akaunga bibi mmoja, akaunga fundi baiskeli, mwingine akaweka jiwe la kushikia nafasi akakimbia kuita jirani, mara mstari umekata kona unaelekea Kariakoo.

“Shikamoo bibi, hii si sabuni,” nikasema.

“Marahaba. Zilizobaki ni za wakubwa, sio?”

Hapo nikasikia sauti ninayoijua. Mama yangu! Kaacha vitumbua vyake sokoni, khanga imekaa upande, anahema. Dada yangu alikuwa amejifungua majuzi tu, na mama alikuwa anafua nepi kwa majivu mpaka vidole vimechubuka.

“Nipisheni, anayegawa ni mwanangu mimi! Mwanangu, leo umetutoa kimasomaso!”

Watu wakampisha, wengine wanampa hongera ya kuzaa binti kama mimi, na mimi natamani ardhi ipasuke. Akafika balozi wa nyumba kumi: “Fungua sanduku lote, binti. Hapa hakuna cha kujuana.”

Nikafungua. Chupa moja ilikuwa imevunjika njiani, na uvundo uliotoka humo, jamani, ulimrudisha balozi nyuma. Watu wakaziba pua, wengine wakaangua kicheko, wengine wakanitolea maneno siwezi kuyarudia hapa, na foleni ikatawanyika.

Mama hakucheka. Aliinama, akapitisha vile vidole vyake juu ya sabuni ya kuchora, taratibu, kama bado anahakikisha.

“Umeichora vizuri, mwanangu,” akasema. “Mimi hata harufu yake niliisikia.”

Kisha akanifuta tope usoni kwa upindo wa khanga, akashika upande mmoja wa sanduku, tukalibeba. Nililia njia nzima, na aliyekosa sabuni ndiye aliyekuwa akinibembeleza.

Nimechora mengi tangu siku ile. Lakini niliapa, na kiapo nimekishika: kitu anachokihitaji mama sikichori mpaka kwanza nimpe chenyewe mkononi.