Kwa Tveit, Anakoishi Ardith

Kwenye kaunti yetu nyumba haiitwi kwa jina la anayeishi humo. Huitwa kwa jina la aliyeondoka. Tulivyozoea, hata sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linaweza kumuumiza mtu, mpaka nilipomjua vizuri Ardith Kolar, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini aliishi kwa Tveit.

Mimi ni dereva wa greda. Nasawazisha barabara za changarawe za kaunti nzima, na kaunti nzima ni vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, ng'ombe wengi mno, na watu mia nne na kumi hivi. Greda inakwenda taratibu kuliko farasi mzee. Ukikaa humo kutwa, nyasi zikiinama na kuinuka pande zote, akili inaanza kuelea yenyewe, na hujui tena kama uko macho ama unaota. Napita kwa Sedlak, ambako hakuna nyumba, kimebaki kichaka cha maua ya zambarau ambacho mama Sedlak alikipanda mlangoni. Napita kwa Oberg: ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda hewani. Mgeni angeona nyika tupu. Mimi naona mtaa mzima wa watu, na mara nyingine nainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kuwasalimu, kama tunavyosalimiana huku barabarani.

Ardith aliletwa na mumewe Emil mwaka 1968. Tveit wa mwisho alikuwa ameshauza ng'ombe na kuhamia pwani ya magharibi miaka mingi kabla, na Ardith hakuwahi kumwona Tveit hata mmoja. Aliipaka nyumba rangi, akachimbisha kisima kipya, akamlea humo binti yake Marcene, na bado mtu akiuliza Ardith anaishi wapi, jibu lilikuwa kwa Tveit. Emil alimtengenezea kibao cha chuma kilichoandikwa KOLAR, akakitundika langoni. Wiki hiyohiyo nikamsikia mzee mmoja mgahawani akisema, "Mmekiona kile kibao cha Kolar walichotundika pale kwa Tveit?"

Ardith alicheka pamoja nasi. Lakini Emil alipofariki, mwaka 2003, mchungaji alisimama mbele ya jeneza akatangaza kwamba chakula cha msiba kitaliwa kwa Tveit. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Ardith, nikaiona shingo yake ikikakamaa. Iliniuma. Jioni, tukiwa tunaosha masufuria, aliniuliza bila kunitazama.

"Kijana, hivi nifanye nini ili nyumba hii iwe yangu?" Kijana mwenyewe nilikuwa na miaka arobaini na minne na mvi juu.

"Si ni yako? Hati unayo."

"Hati ninayo. Midomo ya watu ndiyo sina."

"Basi hama," nikamtania. "Ukihama leo, kesho itaitwa kwa Ardith."

"Mjinga wewe. Futa sahani."

Novemba 2009 aliteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika nyonga. Marcene akaja kumchukua ampeleke kwake Omaha, mji mkubwa wa jimbo letu, mwendo wa saa sita kwa gari. Tukamuaga. Marcene alifunga maji, akateremsha mapazia, na kufika Januari alikuwa ameanza kuulizia nyumba ile inaweza kupata bei gani.

Nasema ukweli ingawa unaniumbua: mimi ndiye niliyelitamka kwanza. Theluji ilikuwa imelundikana, na Jolene wa ofisi ya barabara akaniuliza kwenye redio ya upepo niko wapi. Nikajibu, "Niko hapa kwa Ardith." Halikunikwama kooni. Jolene naye hakushtuka. Kabla Februari haijaisha kaunti nzima ilikuwa inasema hivyo, na katika hesabu yangu ya kichwani, ile ninayoifanya nikipita mlango kwa mlango, nilikuwa nimeshamtoa mtu mmoja.

Mwishoni mwa Machi, korongo wakipita juu kwa maelfu, simu yangu ikalia. Ni Ardith, kutoka Omaha.

"Barabara yangu inapitika?"

"Tope mpaka magotini. Kwani vipi?"

"Fomu za sensa zimekuja. Marcene ameniandika kwake. Wanahesabu pale unapoishi siku ya kwanza ya Aprili."

"Sasa?"

"Sasa nimechukua kalamu nikalikata jina langu. Kwa hiyo hivi tunavyoongea sipo popote. Nifungulie barabara, kijana."

Nikamwuliza Marcene anasemaje.

"Anasema mimi punda. Anasema pia nikishindwa kupanda zile ngazi za jikoni mwenyewe, tunageuza gari palepale na nyumba inauzwa. Nimemkubalia."

Nilifanya kazi siku mbili kwenye ile barabara. Sijawahi kuisawazisha barabara kwa upole namna ile. Tarehe thelathini na moja, adhuhuri, gari la Marcene likaja nyuma yangu polepole mpaka uani. Nikazima injini. Ardith akashuka na mkongojo wake, amekonda, koti limemzidi.

Ngazi zilikuwa tano. Marcene alisimama kando ya gari amekunja mikono. Mimi nilibaki kwenye greda, mlango wazi, nikiogopa hata kukohoa.

"Asinishike mtu," Ardith akasema.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaipanda kama mtu anayeuliza njia. Kwenye ya nne akasimama. Alisimama muda mrefu, mkono mmoja ukutani, na korongo walikuwa wanalia juu sana, sauti ile inayotoka kila upande na isitoke popote. Nikaona kama watu wote wa njia yangu wametoka kutazama, akina Sedlak pale kwenye kichaka chao, akina Oberg wamekaa kwenye ngazi zao tatu, wametulia, wanamngoja aamue upande. Nilitaka kuwaambia wasimwite. Kisha akavuta pumzi, akapanda, akafungua mlango.

Marcene alijifuta macho kwa kiganja, akafungua buti na kuanza kutoa mizigo.

Hapo ndipo redio iliponguruma. Jolene alitaka kujua niko wapi. Nikabonyeza kitufe, nimejaa furaha, nikasema, "Niko kwa Ardith, nimemaliza."

Ardith alikuwa bado mlangoni, akanisikia. Nilitegemea atabasamu, maana maneno hayo aliyangoja tangu alipokuwa bibi harusi.

"Umesema kwa nani?"

"Kwa Ardith."

"Mmeanza lini?"

"Januari."

Akaegemea mwimo wa mlango. "Kwa hiyo mlishanizika."

"Hapana bwana, ni ile tu watu..."

"Naijua ile. Hata mimi nasema kwa Sedlak. Rekebisha."

"Si wewe mwenyewe ulilitaka jina?"

"Nililitaka. Leo nataka kuhesabiwa. Rekebisha, kijana."

Nikabonyeza tena. "Jolene, narudia. Niko kwa Tveit. Ardith yupo nyumbani."

"Nimekupata," Jolene akasema. "Kwa Tveit. Mwambie karibu."

Fomu ya sensa ya nyumba ile, iliyokuwa imeachwa langoni, aliijaza kesho yake kwenye meza ya jikoni, kwa mwandiko wa kuchongoka. Idadi ya watu wanaoishi katika nyumba hii: mmoja. Akaishi hapo miaka sita mingine, na kila nilipopita aliinua kidole dirishani.

Siku hizi wanaishi pale akina Ruelas, mume na mke vijana, na watoto watatu. Juni iliyopita Maribel, yule mke, alinisimamisha langoni, mtoto kiunoni. Alikuwa amekasirika hasa.

"Miaka minne tuko hapa," akasema. "Tumeezeka paa, tumepanda miti. Bado kila mtu anasema kwa Ardith. Hivi lini wataanza kusema kwa Ruelas?"

Nikamtazama yeye, nikamtazama mtoto, nikatazama zile ngazi tano nyuma yao.

"Usiwe na haraka, binti yangu," nikamwambia, nikatia gia.