Jabali Walilolifanya Kokoto

Bado ninayo akilini, mwanangu, asubuhi ile niliyokwenda kukata majani ya ng'ombe chini ya jabali jeusi, huku kwetu Lufingo, nikamkuta mama mmoja mtafiti wa mawe amelipigia magoti. Nilikuwa binti bado, shule nimeishia darasa la nne, nikacheka.

"Mama, unasali?"

"Nasoma. Njoo uone, mdogo wangu."

Akanionyesha ngozi ya jiwe inayong'aa kama chupa. Uji wa moto wa mlima, alisema, ukikutana na baridi ghafla ndivyo unavyokuwa. Kwenye nchi za barafu, milima hulipuka chini ya barafu yenyewe, na wataalamu wakiyapima mawe yake hujua barafu ilikuwa nene kiasi gani zamani, na dunia ilikuwa na baridi ya namna gani. Hapa kwetu alidhani kilichoupoza ni maji, ya ziwa lililokauka kabla ya babu wa babu zetu. Alitaka kujua mvua za enzi hizo zilikuwaje, apate kukisia zenu zitakuwaje.

Mwenyekiti wetu Ambakisye, simfichi jina, akaja na kundi la watu na fundi wa baruti, Lutengano, walipasue jabali liwe kokoto ya barabara. Yule mama akawaeleza yaleyale ya mawe na barafu.

"Barafu?" Ambakisye akadakia. "Si ipo Tukuyu mjini, kwenye friji za soda!" Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, sijamaliza kulisoma," yule mama akamwambia. "Na kilima chote kimeliegemea."

"Barabara haijengwi kwa hadithi, mama."

Wakalilipua. Masika ilipoingia, kilima kikashuka juu ya nyumba yetu tukila chakula cha mchana. Mimi nilichimbuliwa nikiwa hai. Mdogo wangu Tumpe walimtoa jioni, tukamzika.

Msibani Ambakisye akasimama na koti lake. "Ni kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyetega baruti?

Leo yeye yuleyule, mvi kichwa kizima, analitaka jabali lililobaki ng'ambo ya mto, na nasikia ninyi vijana mmeahidiwa vibarua. Habari za mvua zetu nusu yake imelala chini ya lami. Sasa wanataka na nusu iliyobaki.

Nakuambia wazi, mwanangu. Kwenye mkutano wa kijiji usinyooshe mkono kwa sababu mwenzako kanyoosha. Uliza kwanza jabali hilo limeshika nini, limeshuhudia nini, na nani analala chini yake. Wakikucheka, uliza tena kwa sauti. Nami Mungu namwomba akutie nguvu ya kusimama hata ukiwa peke yako, awalinde wote walalao nyumbani kwako, na mvua ikunyeshee kwa heri.