Kapiteni Asiyetangulia

Asubuhi ya harusi ya Shadia ziwa lilikuwa kimya, na milima ya Kongo ilielea ng'ambo kama haikushika ardhi. Moshi wa mawese yanayochemshwa ulitambaa uani pale Gatete, Rumonge, na Zuwena, mama wa bi harusi, akapita ndani yake kama mtu atembeaye usingizini. Hakuwa na raha. Mume wake, Rachid, alikuwa amejifungia chumbani na kanzu mpya mkononi.

Rumonge nzima inamwita Kapiteni. Alipigana Somalia, akarudi na nishani ya ushujaa ambayo Zuwena ameiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kambi yao ilipovamiwa, alimbeba begani askari aliyejeruhiwa, akawatoa wenzake huku risasi zikinyesha. Hayo ndiyo yaliyosomwa siku ya kuvishwa nishani. Yasiyosomwa alimwambia mkewe mara moja tu: yeye alikuwa mbele, akiamini wote wanamfuata. Alipogeuka, Karoli, askari aliyekuwa wa mwisho, hakuwepo.

Tangu hapo Rachid hatangulii. Wakienda sokoni, yuko nyuma. Msikitini husubiri mpaka viatu vya mwisho viondoke mlangoni. Hata kwenye kinu cha mawese, ambako watu husukuma mti wakizunguka duara, hudai nafasi ya mwisho, na wenzake humuuliza, kwenye duara, wa mwisho ni nani. Naye hucheka nao, ila habadili nafasi.

Sasa kazi ilikuwa hii. Katika ukoo wao, baba humtangulia bi harusi kutoka mlangoni hadi barabarani, wala hageuki. Akigeuka, wanasema, ndoa nayo itageuka irudi nyumbani. Shadia alikataa katakata kutolewa na baba mdogo. Alimtaka baba yake, basi. Shangazi wakaanza kunong'ona, shujaa gani huyu anayeogopa uani kwake. Zuwena aliwasikia na roho ikamuuma. Wao waliwahi kubeba nini maishani zaidi ya masinia ya pilau?

Dufu likalia. Rachid akatoka, akasimama mbele ya binti yake, jasho likimchuruzika shingoni. Alipiga hatua mbili, akakwama. Nyuma yake Shadia alifumba macho chini ya mtandio, na taratibu kichwa cha baba yake kikaanza kugeuka.

Kwa desturi, mama mtu hubaki ndani akilia kwa adabu. Zuwena alitoka. Akawapita shangazi, akawapita wapiga dufu, akaenda kusimama mwisho kabisa wa msafara, kisha akapaza sauti.

"Baba Shadia, huku nyuma iko mimi. Naona watu wote, hakuna mwenye amebakia. Tembea."

Kichwa kikatulia. Halafu msafara ukaanza kusogea, polepole, mwanga wa ziwa ukipenya kati ya michikichi na kuwamwagikia watu mabegani. Mbele, juu ya vilemba na mitandio, Zuwena akaona kitu ambacho hakukiona miaka yote tangu vita, mgongo wa mume wake. Ulikuwa umeinama kuliko alivyoukumbuka. Akaufuata hadi barabarani, akilia bila adabu yoyote.