Mgonjwa wa Mwalimu Maduhu

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi nimeyasahau na majina ya wajukuu nayachanganya. Nilikuwa msichana wa umri kama wako, nimetoka kwetu Nkoma kuja mjini Bariadi kujifunza uchoraji kwa Mwalimu Maduhu, mzee aliyekuwa akichora picha za ukutani makanisani. Penseli nilikuwa naiweza. Rangi za mafuta ndizo zilizonitoa jasho: hazikauki upesi, na ukizichanganya kwa pupa zote zinageuka tope.

Mwalimu hakunipa maua wala twiga. Alinipa picha ya zamani, iliyochapishwa, niinakili kwenye turubai: chumba chenye giza, mwanamume amelala kitandani, mkewe ameketi kando wameshikana mikono, watoto wamesimama nyuma, kimya.

"Usibuni kitu," aliniambia. "Tazama, kisha weka ulichokiona."

Katikati ya kazi ile ikaja habari kwamba baba yangu ameletwa hospitali ya pale pale mjini, homa imempanda hata hatambui mtu. Nilikwenda mara moja tu, nikamwona alivyolala, nikatoka mbio. Sikurudi. Kila mama alipoagiza niende, nilijibu kuwa kazi ya mwalimu haijaisha. Nikajifungia na brashi, nikipaka huku nalia.

Nilipomaliza, Mwalimu Maduhu aliitazama turubai, akaitazama picha yake, akavua miwani.

"Minza, nilikupa mgonjwa. Mbona umenirudishia marehemu?"

Sikumwelewa. Akanisogeza karibu. "Huyu wangu, vidole vyake vinafanyaje?"

Nikatazama. Mwanangu, vilikuwa vimekaza! Yule mgonjwa alikuwa amemng'ang'ania mkewe, na shavuni ana wekundu kidogo. Wangu vidole vimelegea, uso nimeupaka kijivu. Siku zote zile nilikuwa natazama giza tu.

"Umeshamzika baba yako," mzee alisema taratibu, bila ukali. "Nenda kamwone."

Nilikwenda, mikono ina rangi na mafuta ya taa ya kuoshea brashi. Kwenye mlango wa wodi nikasimama. Ndipo nikasikia sauti kavu, ya manung'uniko:

"Nani huyo ananuka mafuta ya taa?"

Alikuwa baba. Homa ilikuwa imemwachia alfajiri ile. Ameegemezwa kwenye mto kitandani, mama anamnywesha uji, naye ameshaanza kuuliza kama ng'ombe wamepata maji. Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikaketi sakafuni. Mama naye akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waje.

"Ng'wanawane," baba aliniita kwa Kisukuma chetu, yaani 'mwanangu', "inuka, sakafu ina baridi."

Nami leo nakuambia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi wakulima wa pamba tunajua ni mawingu mangapi hupita bila kuacha tone. Usimlilie mtu angali anapumua. Hofu hunenepa ukiwa mbali nayo. Isogelee, uione kwa macho yako, ndipo uamue. Na kazi, hata iwe njema vipi, usiifanye maficho.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo usiokimbia. Wazazi wako wazeeke mikononi mwako, nawe uzeeke mikononi mwa wanao.