Ukewenza na Kiwanda

Nianze na baba yangu, maana bila yeye hutaelewa kwa nini nilikwenda kugombana na kiwanda cha korosho.

Baba alikuwa na wake wawili pale Mahurunga. Mama yangu ndiye mkubwa. Hawakupendana hawa wanawake, asikudanganye mtu kwamba zamani wake wenza walikuwa kama ndugu, hawa walichekeana msibani tu. Lakini zamu ilikuwa zamu. Siku mbili huku, siku mbili kule. Jua likishuka baba anachukua msala wake wa kuswalia na taa yake ya chemli, anavuka ua. Akijisahau kwa mke mdogo, mama anasimama nje anakohoa, na kile kikohozi hakikuwa cha kifua. Baba anakuja. Mke mdogo hana la kusema, hata awe anaumwa jino, maana siku si yake. Mimi nimekulia humo. Kwangu mimi mume ni mtu anayegawanywa kwa haki, na kila mwenye fungu lake analijua.

Nikaolewa Mikindani na mtu ambaye hakuoa mwingine. Watoto tumezaa, wamekua, wameondoka. Shule mimi niliishia darasa la tatu, mwalimu wetu alipohamishwa hakuletwa mwingine, lakini hayo tuyaache.

Mume wangu alikuwa mtu wa boila. Korosho kabla ya kubanguliwa zinapigwa mvuke, ganda lilainike, na yale mafuta yake yasiwababue kinamama mikono. Yanababua kweli, nina mpwa wangu vidole vyake mpaka leo vina madoa kama ngozi ya kenge. Basi kazi ya mvuke ndiyo ilikuwa yake. Msimu ukichanganya wanabaki jioni, lakini kubaki kwao kulikuwa na maana, mwisho wa mwezi ovataimu inaingia pamoja na mshahara. Nilikuwa nikimwona kachelewa nafurahi. Najua pale alipo anatengeneza kitu.

Kisha wakampa usimamizi. Akapewa bunda la funguo na shati lenye kola. Mshahara ukapanda kidogo, na mimi nikapanda zaidi ya mshahara. Nilikuwa nikienda sokoni natembea polepole ili nisalimiwe.

Aliyeniingizia ugonjwa ni jirani yangu, shoga yangu wa siku nyingi, ambaye mumewe alikuwa boila pamoja na wangu na wakati ule bado alikuwa kulekule. Tulikuwa tunakuna nazi kwake.

"Shoga," akasema, "wa kwangu jana kachelewa, lakini mimi sinuni. Kuchelewa kwake nitakuona kwenye sufuria. Wa kwako ndiyo anarudi wa kwangu kashaanza kukoroma. Sasa kwako si ilipaswa tukute ghorofa?"

"Wangu ni msimamizi. Ana mshahara."

"Mshahara hata wa kwangu anao. Mimi nauliza ovataimu." Akapuliza chicha mkononi. "Au ina mlango mwingine inakoingilia?"

Akacheka, nami nikacheka. Nilipofika kwangu sikuweza kula.

Ukishaambiwa kitu kama hicho unaanza kunusa. Nilinusa mashati yake yote. Yalinuka moshi wa korosho tu, mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikasema, ahaa, basi na huyo mwanamke ni wa kiwandani, ndiyo maana harufu yao moja. Nilimpa sura kabisa. Nilimfanya mweupe, ana mwanya, anabangua haraka.

Nikamuuliza mwenyewe. "Baba watoto, ovataimu yako iko wapi?"

"Wasimamizi hatupewi."

"Kasema nani?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ilivyo kwa nani? Mwenzio wa boila anapewa, wewe uliye juu yake unyimwe?"

"Ndivyo ilivyo, mke wangu. Niletee maji nioge."

Sasa niambie, mwanamke gani angeamini? Mtu apandishwe, akae kazini kuliko wote, halafu zile saa zisiwe na malipo? Hata mtoto angejua hapo pana mtu anakula. Nikaapa moyoni: akiwepo mwanamke, narudi Mahurunga kwa kaka yangu. Si kwa sababu ya kuletewa mke mwenza. Dini inaruhusu, na mimi nimelelewa na wawili. Ni kwa sababu ya kuletewa mke mwenza asiye na zamu, anayechukua kila siku na mimi nabaki na mtu akiwa amelala.

Jumamosi moja alasiri nikapika wali, nikafunga kwenye hotipoti, nikapanda bajaji. Wafanyakazi walikuwa wameshatoka. Mlinzi wa getini akanitazama, akatazama hotipoti.

"Mama, bosi yumo, ofisini."

"Peke yake?"

"Hapana, wako wawili. Yeye na dada mmoja."

Nilivuka ule uwanja wa kuanikia korosho sijui nilivyovuka. Nikasukuma mlango. Mume wangu yuko kwenye kiti, na upande wa pili wa meza yuko binti kijana, kajifunga kilemba, ana kompyuta. Hana hata mwanya.

"Karibu, mama," akasema. "Samahani, wewe ni nani yake?"

"Anza wewe. Wewe ni nani yake?"

Mume wangu akasimama. "Mke wangu, huyu ni afisa utumishi. Kaletwa kutoka Dar. Tunapanga watu wa wiki ijayo."

"Mtu wa utumishi ndiye ninayemtaka," nikasema, nikaweka hotipoti juu ya makaratasi yao. "Mwanangu, ovataimu ya huyu bwana anachukua nani?"

Binti hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alinivutia kiti. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kwamba sheria ya kazi imeweka mwisho wa saa, na mtu akipitisha analipwa zaidi ya saa ya kawaida. Lakini anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri, tena anayepokea amri moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, ile sehemu ya saa haimhusu.

"Haimhusu ovataimu?"

"Ovataimu, na ule mwisho wa saa pia. Akihitajika anakaa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kazi iishe, mama."

"Na kazi ya hapa imeshawahi kuisha?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama funguo zake.

"Mwanangu, umeolewa?"

"Bado."

"Basi sikiliza." Nikamweleza habari ya baba yangu, msala na taa, siku mbili huku, siku mbili kule. Alipoelewa ninakoelekea akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Lakini mama, kiwanda si mwanamke!"

"Ndiyo shida yenyewe! Angekuwa mwanamke ningempeleka kwa shehe akapangiwa siku zake."

Hapo akacheka mpaka akafuta macho. Hata mume wangu alitabasamu. Nami pengine ningerudi nyumbani nimepoa, maana mwenye mwanya nimeshamkosa. Lakini vijana wa kupakia wakaja dirishani. "Bosi! Bosi, lori limefika, tufungue ghala?" Nikamwona mume wangu shingo inavyonyooka. Mtu aliyekuwa kachoka dakika ile ile, macho yakawaka, akachukua funguo, akatoka. Sisi wawili tukabaki na wali.

Nilikuwa naijua hiyo shingo. Nilinyooshewa mimi, miaka ile alipokuwa anapita nyuma ya kwetu akijifanya anatafuta mbuzi. Wivu nilioupata pale dirishani ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mashati. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mwanamke anayemchukua kwa hila. Kumbe hakuna aliyemchukua. Alikuwa anajipeleka, bure, kwa kuitwa tu.

Siku ya pili yake nikabeba vitu vyangu nikaenda Mahurunga.

Kaka yangu alikuwa anamenya mihogo. Hakunipa pole. "Dada, huyo mwanamke yuko wapi?"

"Hakuna mwanamke."

"Anakupiga?"

"Hajawahi."

"Chakula hakuna?"

"Chakula kipo."

"Sasa umekuja kumshtaki nani?"

"Kiwanda."

Kaka akatema mate pembeni. "Wenzio wanalia waume hawana kazi, wewe unalia mume ana kazi. Kaa ule mihogo, yeye akija nitamwambia akuchukue."

Alikuja Ijumaa, baada ya swala, na kanzu yake. Namsifu kwa hilo, maana Ijumaa ile alitoroka kazini. Akakaa mkekani mbele ya shemeji yake, aliyekuwa tena anamenya mihogo yake, akasema hana ugomvi na mimi, amekuja kunichukua. Nikasema nitarudi kwa sharti moja: anitengee siku. Sisemi nyingi. Siku ambayo jua likishuka yuko kwangu, kiwanda kiungue kisiungue.

"Sina mamlaka hayo," akasema. "Nimeshakuambia, msimamizi hana saa."

"Una mamlaka ya watu wote wale, siku moja huna?"

Kaka yangu aliacha kumenya. Nadhani hapo ndipo aliponielewa, maana na yeye aliona ile taa ya chemli ikivuka ua.

Simu ya mume wangu ikalia, palepale mkekani. Akainuka akaenda kusimama kwenye shamba la mihogo, akatupa mgongo. "Ndiyo, mkuu. Ndiyo. Nakuja sasa hivi." Shingo imenyooka. Akarudi anatafuta viatu.

"Kuna kontena linapakiwa," akasema. "Nitakuja kesho kukuchukua."

"Nipe hiyo simu."

Sijui kwa nini alinipa. Ilikuwa bado ina mtu. "Shikamoo," nikasema, ingawa kwa sauti alikuwa mdogo wangu. "Mimi ni mkewe. Huyu leo ni siku yangu. Muiteni kesho."

"Mama, kontena ni la leo."

"Lipakieni."

Nikampa simu yake. Kaka yangu aliangalia chini. Mume wangu alisimama kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, na nilijua kwamba akikivaa sirudi Mikindani tena, na yeye alijua. Wala hakunitazama mimi. Alitazama njia. Kisha akavua na kile kingine, akakaa.

Hawakumfukuza. Baada ya siku chache walimrudisha boila, na funguo akapewa mume wa shoga yangu. Ovataimu ikarudi kwenye sufuria yangu. Shoga naye hanitanii tena. Jioni namsikia uani kwake anatembeatembea, anafungua mlango, anafunga. Nilitaka kumweleza ile sheria, nikaona ngoja kwanza ayanuse mashati.

Mume wangu sasa saa yake ya kutoka inajulikana, na mimi wali nauepua anapokata kona. Hajanilaumu, hata neno moja. Anakula na mimi mkekani. Lakini pikipiki ya jirani ikipita jioni kuelekea kiwandani anaacha tonge hewani, anasikiliza mpaka ipotee.

"Unawaza nini?" namuuliza.

"Siwazi kitu."

"Unamuwaza."

"Nani?"

"Unamjua."

Anacheka kidogo, ananiomba chumvi. Nampa. Mboga haikupungua chumvi, nilionja mwenyewe.