Kaka Yangu Hakuitwa Kwenye Kamba

Waliokuwepo kwenye kilio cha kaka yangu, pale Rosettenville, hapa Joburg, ni hawa. Mimi, niliyemfuata kaka kuzaliwa. Mdogo wangu wa kike, tumenyonya ziwa moja. Wifi yetu, mke wa marehemu. Kijana mkubwa wa marehemu, ambaye mimi ni shangazi yake; yeye ni mlinzi wa getini kwenye jengo la maofisi. Mchungaji wetu. Jirani Mrundi, fundi cherehani, aliyetuazima viti. Wajukuu waliozaliwa hukuhuku, Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kizulu. Na wageni wa kazini kwa yule kijana, pamoja na bosi wao. Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya wazazi wao. Siyaandiki, maana kwetu jina lina mahali pake pa kuitwa.

Sisi ni watu wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma. Katika vita ile ya kwanza ya Wazungu, Wajerumani walikuwa Kigoma na manowari zao, na ziwa lote lilikuwa lao. Walipakia askari wakawashusha ufuko wowote waliotaka, na wa upande wetu wakabaki kukimbia huku na huku. Ndipo Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, za mbao, kila moja na mzinga mbele. Zilishuka Cape, zikapanda treni mpaka Katanga, na reli ilipoishia kulikuwa na milima. Mashua ziliwekwa juu ya magurudumu, zikavutwa na mashine za moshi na ng'ombe. Penye mwinuko mkali mashine zilishindwa, ng'ombe wakalala, ndipo watu wakavuta kwa kamba. Babu yetu, baba wa baba, alikuwa kwenye kamba ya mashua ya pili. Mashua zikavuka, zikashuka ziwani, na Wajerumani walipigwa kwa sababu walikuwa wanatazama majini. Nani angelinda mlima kwa ajili ya meli?

Basi akifa mtu mzima wa ukoo wetu, kabla mwili haujatoka nyumbani, dada yake au shangazi husimama akawaita wale wavutaji, mmoja mmoja, kama walivyoshika kamba, kutoka mbele mpaka mkiani. Kisha anaita wa ukoo waliowafuata. Mwisho anaita jina la marehemu, na watu wote wanaitika, "Shika." Hapo marehemu amepata mahali pake. Inafanyika mara moja, kwenye kilio tu; nje ya hapo majina hutamkwa unapomfundisha atakayekurithi. Asiyeitwa anakwenda peke yake. Nilimwita baba. Nilimwita dada yetu mkubwa, alipofia Jeppestown, hukuhuku Joburg, tukiwa tumepanga chumba kimoja.

Mimi sikujaliwa binti wa kumwachia. Kwa hiyo nilifurahi kijana wa kaka alipoanza kuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Anapenda manowari kuliko chakula. Kwenye simu alinionyesha za vita zote mbili, machuma marefu kama mtaa, akanieleza kwamba meli kubwa inaweza kukaa tu bandarini, haijapiga hata risasi, na adui akaogopa kutoka. Nikamwambia hata Mjerumani wetu wa ziwani, siku ambazo hakutoka Kigoma, alifanya hivyo. Akacheka. "Shangazi, wewe ungekuwa admirali." Aliniletea sukari, akasikiliza, akarudia majina mpaka akayashika yote.

Asubuhi ya maziko aliniinamia sikioni. "Nitafungua mimi kidogo kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni. Halafu nakuachia wewe, Shangazi. Sharp?" Nikamwambia sawa, baba.

Akasimama. Wajukuu wakainua bango lenye picha ya manowari ya chuma, zile za baharini, ambayo hakuna treni ingeweza kuibeba. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hicho nilikielewa. Alisema babu wa marehemu alikuwa mpiga mzinga wa meli hiyo, na mkono wake ndio uliowazamisha Wajerumani. Wavutaji aliwapitia kwa neno moja, wapagazi. Hakumwita hata mmoja. Bosi akapiga makofi. Kisha kijana akamwangalia mchungaji, si mimi, na mchungaji akaanza sala ya kutoa mwili.

Nikataka kuinuka. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono tangu mwanzo, nami nikidhani ananifariji. Sasa akaubana.

"Kaa, Yaya," akasema; kwetu dada mkubwa ndiye Yaya. "Tulishakubaliana."

Yeye na nani? Wifi aliinamisha uso. Nikajua walijua wote. Jeneza likatoka, gari likapita robot ya kona, zile taa za barabarani, na kaka yangu akaenda bila kuitwa.

Tuliporudi kutoka makaburini kijana aliniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na dagaa. Nikaiacha mapajani, nikamuuliza kwa nini.

"Eish, Shangazi. Bosi wangu amekaa pale. Nimwambie babu yetu alifungwa kamba kama ng'ombe?"

"Hakufungwa," nikamwambia. "Alishika."

Akaenda kuwasindikiza wageni wake. Jirani Mrundi, akikusanya viti, akasema hata kwao watu hujipatia mababu wapya wakifika Joburg: mzee alichunga ng'ombe wa mfalme, huku amekuwa mfalme mwenyewe. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikalia.

Wananiambia nimsamehe kijana. Ningesamehe kama angekuwa mgeni. Mimi nilikuwa natazama majini, nikiwaogopa wajukuu wasiojua lugha, nikiuogopa mji huu. Yeye alipita mlimani, na sukari mkononi. Na sasa anayefuata kufa ni mimi, na mwenye majina ni yeye peke yake. Siku yangu ataita nini?

Ndiyo maana naandika mpangilio wa kamba, bila majina. Mbele alikuwa mwimbishaji. Nyuma yake mapacha wawili. Kisha mtu wa Bukama mwenye jicho moja, kisha babu, kisha shemeji yake. Mkiani alikuwa mzee aliyeweka gogo nyuma ya gurudumu mashua isirudi chini. Au yule wa jicho moja aliwatangulia mapacha. Tangu kilio kile wananichanganyikia. Kama wewe ni wa kule, na mzee wenu alivuta, niambie alishika wapi. Na kama ulikuwepo Rosettenville siku ile, nisahihishe na hili: mdogo wangu sasa anasema nilipewa nafasi, nikakataa kusimama. Mimi sikumbuki kupewa.