Vigingi vya Kupandia Asali

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nimepakia pamba stesheni ya Malampaka, nimeanika dagaa Lamadi, nimefagia maghala Bariadi. Kote nilikopita niliuliza: hiki kinaitwaje, kile nani alikianzisha? Watu walinichoka. Swali moja tu sikuuliza, na ndilo linalonirudia.

Nikiwa Bariadi, mradi mmoja wa kutunza misitu na mambo ya kale ulinichukua kwa kuwa naendesha pikipiki na Kisukuma ni lugha ya nyumbani kwetu. Nilitumwa Meatu, kwa familia chache za Wahadzabe wanaoishi kwa asali, mizizi na mawindo. Kulikuwa na mbuyu mkubwa porini ambao mradi ulitaka uhifadhiwe, na kamati yake yote ilikuwa ya Wasukuma, wakulima wa pamba na mahindi. Bosi wetu, mama mwenye moyo mzuri, hakulipenda hilo.

"Pori ni lao kuliko letu, halafu hawamo," aliniambia. "Nenda kawalete."

Kule nilimkuta mjane mmoja akitwanga mbegu za ubuyu juu ya jiwe. Wenzake walikuwa wakimsikiliza yeye. Kisukuma alikuwa amekiokota kwa watu wetu, katika kubadilishana asali na mahindi.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia kama ninavyomsalimia mama yangu.

"Mhola. Umekuja kutuita tukaruke?"

"Turuke?"

"Mara ile tuliitwa. Tukaruka ngoma yetu mbele ya wageni, tukapigwa picha, tukapewa soda ya moto. Tukarudi kwa miguu."

Nilimwambia safari hii hakuna kuruka. Kungekuwa na mkutano pale kwenye mbuyu; wangekaa kwenye viti kama wengine, na yeye angesema pori litunzwe vipi. Alicheka, akawageukia wenzake akawaambia jambo kwa lugha yao, nao wakacheka wakiniangalia miguu.

"Nimewaambia una miguu ya mtu asiye na kwao," alisema.

Nilirudi kwake mara nne. Niliuliza juu ya nyuki, juu ya ndege anayewaongoza watu kwenye asali, juu ya mizizi inayochimbwa wakati wa kiangazi. Alikuwa akijibu huku akinitania kwamba nachakura kama kuku. Mara ya nne alikubali.

"Nitakuja na watu wangu. Kwenye mbuyu ule nitawaonyesha kitu alichoacha mume wangu. Halafu ndiyo nitasema."

Nilifurahi hadi nikawasha pikipiki pale pale niipeleke habari ofisini. Kitu gani alichoacha, sikuuliza.

Siku mbili kabla ya mkutano, ofisi ilipiga simu: wageni wanakuja, pawe pasafi. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Ukienda shule, zahanati au ofisi ya kata siku ya mgeni, utakuta majani yamefyekwa, mawe yamepangwa, na mashina ya miti yamepakwa chokaa hadi kifuani. Tulikuwa watu watatu. Tulifyeka, tukapanga mawe, tukakoroga chokaa kwenye ndoo.

Shina la mbuyu lilikuwa limechomekwa vigingi vya mti, kimoja juu ya kingine, hadi kwenye tundu la nyuki. Vingine vilikuwa vimeoza, vingine shina lilikuwa limeanza kuvikumbatia. Vilizuia brashi. Mwenzangu alisema mgeni anaweza kujichoma, tena pamekaa kama uzio uliobomoka.

Mimi ndiye niliyepanda. Nilikanyaga vile vilivyo vizima kimoja kimoja hadi juu, vikanibeba vizuri, na nakumbuka nilifurahia kuona pori lote hadi mashamba ya pamba. Kisha nikashuka nikiving'oa kwa mgongo wa panga, cha juu kwanza. Vilikuwa kumi na tisa. Tulivichochea kwenye mafiga tukachemshia chai, tukapaka chokaa.

Siku ya mkutano mjane alikuja na watu kumi na mmoja. Alipita viti bila kuviangalia, akaenda moja kwa moja kwenye mbuyu. Aliweka kiganja kwenye shina. Alipokitoa kilikuwa cheupe.

"Viko wapi?"

"Tulisafisha, mayu."

"Mmevipeleka wapi?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mafiga, naye akayafuata. Alichuchumaa, akachakura jivu kwa kijiti, taratibu, hadi mwisho.

"Mume wangu alivipigilia tangu ananioa," alisema. "Kikioza, anaweka kingine pembeni. Mimi nasimama chini na kibuyu. Kile cha saba kililegea, akawa ananipigia kelele nisimruhusu mtoto akikanyage." Alitazama juu. "Sisi hatuna nyumba ya kuachiana. Nilitaka waone alikopita."

Kwenye kipaza sauti mshereheshaji alikuwa akiwakaribisha ndugu zetu wa porini watuburudishe kidogo. Bosi alimnyang'anya kipaza sauti, akaja nacho mwenyewe, akamnyooshea mjane kwa mikono miwili. Hakuwa akijua lolote.

Mjane alisema neno fupi kwa Kisukuma, akanitazama niwatafsirie wageni.

"Anasema," nilisema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye spika zote mbili, "ameona mahali pake pamekuwa pasafi."

Watu wakapiga makofi. Yeye na wenzake walikuwa wameshageuka. Viti kumi na viwili vya mstari wa mbele vilikaa wazi hadi jioni.

Nilimweleza bosi, akalia, nami nikaacha kazi. Kiangazi kilichofuata nilirudi na vigingi nilivyovichonga mwenyewe. Kambi yao ilikuwa imehama, na hakuna aliyekubali kuniambia walikokwenda. Mvua ilikuwa imeosha chokaa. Juu kabisa nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Nilisimama chini ya mbuyu na mzigo wangu, nikijaribu kukumbuka cha saba kilikuwa wapi.